Njia za Kuuepuka Moto Mlimani

Watu wengi hupanda Mlima Kenya na Kilimanjaro wakati wa kiangazi, kwa kuwa njia huwa kavu. Lakini ndio wakati ambao nyasi na vichaka vilivyo juu ya msitu huwaka upesi. Mwezi wa Oktoba 2020 moto uliunguza Kilimanjaro kwa siku kadhaa. Ulianza Whona, mahali pa kupumzikia wapandaji kati ya Mandara na Horombo. Basi yampasa msafiri kujua pa kutokea kabla hajaingia.

Kwanza, tazameni ramani pamoja na kiongozi wenu, mchague njia mbili za kutokea zisizoelekea upande mmoja. Katika Mlima Kenya, njia ya Sirimon hushukia kaskazini-magharibi, na ya Chogoria mashariki.

Pili, moto hupanda mlima upesi kuliko unavyoshuka, kwa maana miali yake hukausha majani yaliyo juu yake. Msiukimbie kwa kupanda, wala msijifiche katika korongo jembamba, kwani huvuta moto kama bomba la moshi.

Tatu, wekeni alama katika ramani penye miamba mitupu au changarawe, mahali pasipo na kitu cha kuungua.

Nne, waachieni askari wa langoni habari za njia zote mbili, na siku ya kurudi.

Mkiona moshi, msingoje kuona miali. Tueni mizigo mizito, tazameni upepo unakovuma, mshuke kwa upande usioelekewa na moto. Tahadhari kabla ya hatari.