Mwanangu Hataki Niende Uwanjani

Binti yangu yuko darasa la sita, anacheza netiboli, ni mlinzi wa golini. Kwenye mechi za wilaya za UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, mwamuzi alimpigia filimbi mfululizo, na kila mara alimsimamisha kando ya mpinzani wake kama mwizi aliyekamatwa, mwenzake akirusha mpira. Nilivumilia, nikashindwa. Niliingia uwanjani nikamwambia mwamuzi amehongwa. Nilisema pia yule mfungaji wao ni kijeba. Mume wangu alikuwepo, hakufungua mdomo. Mechi ilisimama, mtu akanirekodi, video ikaingia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Sasa binti kachaguliwa timu ya wilaya, wanaingia kambini kujiandaa na mkoa, ananiambia, "Mama, safari hii usije." Raba anazovaa nimenunua mimi. Je, mtoto wa miaka 12 anipangie pa kwenda?

Mama Mwenye Uchungu, Morogoro

Pole, mama. Kurekodiwa ukiwa umepandwa na jazba si jambo dogo, na makundi ya wazazi hayana huruma. Nianze na ile filimbi, maana ndiyo iliyokutoa pembeni.

Mwanao hakuaibishwa. Katika netiboli mlinzi akimzuia mwenye mpira akiwa karibu naye kuliko sentimita 90, au akimgusa akamharibia mchezo, anaadhibiwa. Adhabu yenyewe ndiyo hiyo uliyoiona: asimame kando ya anayerusha, asishiriki mpaka mpira umtoke mwenzake mkononi. Wachezaji wa timu za taifa husimamishwa vivyo hivyo. Na mlinzi wa goli, yule anayevaa GK kifuani, hukutana na adhabu hiyo mara nyingi, kwa kuwa kazi yake ni kumnyooshea mikono mfungaji aliyesimama chini ya goli. Filimbi zile zilikuwa zinamwambia arudi nyuma kidogo. Sikuwepo, siwezi kuapa kwamba zote zilikuwa halali, lakini binti yako bila shaka alijua kwa nini anasimamishwa. Aliyekuwa hajui ni wewe.

Waamuzi hukosea, na wapo wanaopendelea. Ukiona hivyo, mtu wako ni mwalimu wa timu. Yeye ndiye mwenye njia ya kupeleka malalamiko kwa waandaaji. "Umehongwa" ni neno tulilolizoea kwenye mechi za Simba na Yanga, ambako anayelitamka wala hategemei kuulizwa ushahidi. Lakini anayepuliza filimbi kwenye mechi za watoto kwa kawaida ni mwalimu wa shule ya jirani aliyepangiwa kazi, na Jumatatu anarudi darasani kufundisha watoto ambao huenda video wameshaiona.

Hata hivyo, kilichonifanya niirudie barua yako si mwamuzi. Ni ile sentensi uliyoipitisha haraka haraka: "Nilisema pia yule mfungaji wao ni kijeba."

Kijeba si utani. Ni kumwambia mtoto, mbele za watu, kwamba yeye na wazazi wake wamedanganya umri. Vijeba na mamluki wapo kwenye michezo ya shule, sikatai, na wanawanyima nafasi watoto wanaostahili. Ndiyo maana wachezaji huhakikiwa. Ila wewe ulihakiki kwa macho. Wasichana wa darasa la sita hawalingani: mmoja amerefuka ghafla mwaka huu, mwingine bado. Goli la netiboli liko futi 10 juu, sasa ulitaka mwalimu amweke nani pale chini yake kama si mrefu? Mtoto wa watu amesimama na mpira mkononi, mama mzima anamnyooshea kidole. Na aliyekuwa amesimama naye uso kwa uso, hatua moja tu, ni binti yako.

Sasa fikiria kambi. Timu ya wilaya inaundwa na waliokuwa wapinzani wiki iliyopita, na mfungaji aliyekutisha kiasi kile sidhani kama aliachwa. Huenda wanalala darasa moja, godoro kwa godoro, asubuhi wanapanga foleni moja ya uji, jioni kwenye mazoezi mmoja anafunga na mwingine anamkaba. Kila mmoja pale anajua mama aliyesema "kijeba" ni wa nani. Mimi naona "usije" inatokea huko. Mambo ya raba yaache, hayahusiki.

Kwa hiyo mkoani usiende. Mtume baba yake. Unamlaumu kwamba hakufungua mdomo. Kwangu hiyo ni sifa ya kumlipia nauli.

Kabla hawajasafiri, una kazi ya kufanya. Nenda kwa mwalimu wa michezo, akuunganishe na mwamuzi, umwombe radhi ana kwa ana bila kusimulia upya mechi. Na tafadhali usibebe soda wala kanga. Mtu uliyemtangaza kuwa kala rushwa, akionekana anapokea kifurushi chako, utakuwa umemchafua mara ya pili. Kisha mtafute mama wa yule mfungaji kupitia shule yake. Huyu atakuwa mgumu zaidi, na akikusema, pokea. Usimtume binti yako akupelekee salamu za msamaha kambini. Alishabeba ya kutosha. Kwenye kundi la wazazi andika ujumbe mmoja: umemkosea mwamuzi na mtoto wa mwenzenu, unaomba radhi. Watakaokucheka waache wacheke, usijibu.

Binti mweleze kwa ufupi ulichofanya, halafu nyamaza. Ukimalizia na "sasa naweza kuja?" atajua ulikuwa unanunua tiketi. Akirudi kutoka kambini, habari za mechi azianzishe mwenyewe. Mwulize kwanza kama amekula.

Bado ana darasa la saba, siku yako ya kualikwa itafika. Siku hiyo shangilia, tena kwa sauti, lakini ufundi mwachie mwalimu. Mchezaji wa netiboli akishika mpira ana sekunde 3 tu za kuutoa, na katika sekunde hizo hawezi kumsikiliza mwalimu wake na wewe pia. Isitoshe GK haruhusiwi kutoka kwenye theluthi yake ya uwanja, hivyo wale wazazi wanaompigia kelele "Panda! Panda!" wanamwitia filimbi nyingine. Mwulize pia anataka ukae wapi. Pengine atakuonyesha upande wa goli la pili, mbali naye kabisa. Kaa huko huko.