Ana Damu ya Mbwa Mwitu, Nimpandishe?

*Bwana Mifugo, mimi ni kijana wa miaka 27, naishi Oldeani na nafanya kazi ya ulinzi kwenye shamba la kahawa. Mwaka jana nilinunua mtoto wa mbwa Arusha kwa laki sita. Ana manyoya mazito ya kijivu, masikio yamesimama, macho rangi ya asali. Watalii wakimwona wanasimamisha gari wampige picha. Aliyeniuzia alisema ana damu ya mbwa mwitu wa Ulaya. Sasa amenipigia simu kwamba jike wa uzao uleule bado yupo, dada yake kabisa, atanipa kwa nusu bei nianze kuzalisha. Nimepiga hesabu: watoto sita, kila mmoja laki sita. Baba hataki. Anasema kaka na dada hawapandishwi hata kwa mbuzi, na kwamba tangu huyu mbwa aje hajabweka hata siku moja, wakati jike wetu wa kienyeji ndiye anayetuamsha tembo wakiingia kwenye mahindi. Rafiki yangu naye ananishauri nitafute mtoto wa bweha nimchanganye na mbwa wangu, sura itoke kali zaidi. Nifuate lipi?*

*Kijana wa Oldeani*

Mwanangu, mshukuru baba yako kabla hujaendelea kusoma, maana amekwisha kukujibu zaidi ya nusu.

Tuanze na jina, kwa kuwa humo ndimo bei ya mbwa wako ilimotoka. Kiswahili kinawaita mbwa mwitu wanyama wawili tofauti. Wa kwanza ni wetu, mwenye mabaka meusi, meupe na ya manjano, masikio mapana ya mviringo, anayewinda kwa kundi. Huyo hazaliani na mbwa wa nyumbani. Hata mguu wake wa mbele una vidole vinne, wakati wa mbwa wako una vitano. Wa pili ni yule wa Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini, tunayemsoma kwenye Biblia, ambaye huku kwetu Karatu hakuwahi kufika. Huyo ndiye babu wa mbwa wote duniani. Kwa hiyo aliyekuuzia hakusema uongo, lakini maneno yaleyale angeweza kuyasema juu ya jike wa baba yako, na hakuna ambaye angetoa laki sita.

Kwa ulivyomweleza, naona mbwa wako ni mchanganyiko wa haski na mbwa wa Kijerumani, yule tunayemwita jamani shepadi. Uingereza walianza kazi ya kuchanganya mbwa hivyo mwishoni mwa miaka ya 1980. Walichanganya haski, malamute na jamani shepadi, pamoja na mbwa wa kuokotwa wasiojulikana wazazi, wakapata mbwa waliowaita Northern Inuit. Mbwa hao ndio walioigiza mbwa mwitu katika tamthilia ya Game of Thrones iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2011. Watazamaji wakawataka, na waliowakosa wakanunua haski. Haukupita muda mrefu vituo vya kulelea mbwa waliotelekezwa, Uingereza na Marekani, vikaanza kupokea haski wengi kuliko zamani, hadi Peter Dinklage, mmoja wa waigizaji wakuu wa tamthilia hiyo, akajitokeza mwaka 2017 kuwasihi watu waache kununua mbwa hao kwa ajili ya sura tu.

Wafugaji wenyewe wamegombana miaka mingi juu ya mbwa wa namna hii. Wanaowatetea wanasema ni afadhali mbwa aliyefanana na mbwa mwitu kuliko mtu kufuga mbwa mwitu mwenyewe nyumbani, na kwamba kuchanganya koo ni afya. Hilo nalikubali. Wanaowapinga wanasema mzazi akichaguliwa kwa rangi ya macho, nyonga yake na moyo wake vinasahauliwa. Ukoo ukiwa mdogo, kila mbwa anakuwa binamu ya mwenzake, na mfugaji anayeficha asili ya mbwa wake anamfichia mnunuzi magonjwa atakayokuja kuyauguza. Hilo nalikubali zaidi, kwa sababu nimelishika kwa mikono yangu.

Nilipokuwa bado mgeni kazini, mwenye shamba mmoja aliniomba nisimamie kupandisha jamani shepadi wake wawili wa tumbo moja. Walikuwa wazima, wana nguvu, wazuri wa kutazama. Nikakubali. Walizaliwa saba. Wawili walikufa kabla ya kufumbua macho. Mmoja alipokua akawa anaanguka kifafa. Mwingine, dume aliyewapita wote kwa uzuri, alipofika miezi kumi alianza kuinuka kama mzee: anajivuta kwa miguu ya mbele, ya nyuma inafuata ikiyumba. Kichwa cha mfupa wa paja kilikuwa hakikai vizuri kwenye tundu la nyonga. Sindano ya mwisho nilimchoma mimi, mtoto wa yule mwenye shamba akiwa amemshika kichwa. Sijaisahau sura ya yule mtoto, na tangu siku ile sijasimamia tena jambo kama hilo.

Haikuwa laana. Kila mbwa, kama kila mtu, amebeba kasoro kadhaa za urithi zilizolala. Zinalala kwa sababu urithi huja kwa jozi, nakala moja ya baba na moja ya mama, na nakala nzima huziba pengo la ile mbovu. Kaka na dada wamechota kisima kimoja. Ukiwapandisha, kwa wastani robo ya urithi wa kila mtoto inakuwa jozi ya kitu kilekile, hakuna nakala ya pili ya kuokoa. Wazazi unawaona wazima kabisa. Kasoro inaonekana kwa mtoto.

Nyingine huchelewa hata kwa mtoto. Jamani shepadi, na machotara wao wengi wenye sura ya mbwa mwitu, wanaweza kurithi ugonjwa wa uti wa mgongo unaoua miguu ya nyuma polepole. Mara nyingi huanza mbwa akiwa na miaka 8 au zaidi, amekwisha kuzaa uzao baada ya uzao. Kipimo cha vinasaba kinachomtambua mbeba kasoro kipo. Muulize anayekuuzia kama wazazi walipimwa.

Baba yako ametaja mbuzi. Mimi nitakupeleka juu zaidi, ng'ambo ya msitu wa mlima Oldeani, kwenye kreta ya Ngorongoro. Mwaka 1962, baada ya mvua kubwa, nzi wanaouma walizidi mno, wakawafunika simba vidonda hadi wakashindwa kuwinda. Walibaki kama kumi. Miaka michache baadaye madume saba yaliingia kutoka nje, na baada ya hapo damu mpya ikawa haba sana, kwa sababu wenyeji wa kreta waliongezeka na kuwafukuza wageni. Mwaka 1975 simba walikuwa wengi tena, ukiwatazama huoni tatizo. Lakini watafiti walipokuja kupima mbegu za madume, wakakuta zenye kasoro ni nyingi kuliko za simba wa Serengeti, na urithi wao umepungua aina. Kuta za kreta ndizo zilizowafunga wale simba. Wewe mbwa wako hajafungwa na ukuta wowote, jike asiye ndugu yake anaweza kupatikana.

Sasa hili la ulinzi. Mholanzi mmoja, Leendert Saarloos, alikuwa na wazo kama la rafiki yako. Katika miaka ya 1930 alimpandisha mbwa mwitu jike kwa jamani shepadi, akitafuta mbwa wa kazi mwenye nguvu za asili. Alipata mbwa wazuri mno wanaomkwepa mgeni. Uzao huo ulitambuliwa rasmi mwaka 1975, yeye akiwa amekwisha kufariki, na bado unajulikana kwa woga wake mbele ya wageni. Czechoslovakia nayo ilianza jaribio lake mwaka 1955, ikitaka mbwa wa walinzi wa mpaka. Huko walilazimika kuchagua na kufundisha kwa vizazi kadhaa kabla ya kupata mbwa wa kutumika, na mbwa hao hadi leo si wa mtu anayefuga kwa mara ya kwanza. Koo zote mbili, Saarloos na ule wa Czechoslovakia, zimerithi kutoka kwa jamani shepadi kasoro ya kudumaa: mtoto hakui, anabaki na manyoya ya kitoto. Sababu ya ule woga si ngumu kuielewa. Mbwa mwitu ameishi miaka yote kwa kumkimbia binadamu. Aliyejifunza kusimama mlangoni na kubweka ni mbwa wa nyumbani. Haski naye hulia kwa sauti ndefu usiku, lakini kubweka kwa mgeni si kazi yake. Wewe ni mlinzi, unajua ni mbwa gani ungependa awe mbele yako saa nane za usiku chui akishuka kutoka msituni.

Habari ya bweha naomba uiache leo hii. Wale bweha wa manjano wa Ngorongoro, utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wako karibu na yule mbwa mwitu wa Ulaya kuliko tulivyodhani, na sasa wataalamu wengi wanawaita mbwa mwitu wa Afrika, si yule mwenye mabaka. Kwa hiyo ndiyo, kibaiolojia wanaweza kuzaana na mbwa, na hapo ndipo hatari ilipo. Kumchukua mtoto wa mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Na hata kama sheria isingekuwepo, tazama Ethiopia: mbwa mwitu wa milima ya huko hawafiki 500 nchi nzima, na mbwa wa wafugaji wamewaletea mambo mawili, uchotara na kichaa cha mbwa. Mlipuko wa mwaka 2003 uliua kama robo tatu yao katika bonde la Web, kwenye milima ya Bale.

Hapa kwetu tumekwisha kuonja. Mwaka 1994 virusi vya distempa ya mbwa viliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti, kama 1,000 hivi. Mwaka 2001 simba wa kreta nao wakapigwa. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba virusi hivyo huweza kuendelea kuzunguka porini hata bila mbwa, kwa hiyo sitakuambia kila kosa ni la mbwa wa kijijini. Lakini mtu anayeishi mpakani mwa msitu kama wewe, akizalisha watoto sita sita bila chanjo na kuwatawanya hadi Mang'ola, anauongezea ugonjwa njia. Kichaa cha mbwa ndicho kinachonitisha zaidi. Kinaua watu takriban 59,000 kwa mwaka duniani, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na kinazuilika tukichanja mbwa 70 katika kila 100. Marekani, kwa taarifa yako, hakuna chanjo ya kichaa iliyoidhinishwa kwa chotara wa mbwa mwitu. Muuzaji anayejisifia damu ya porini anapaswa kulijua hilo.

Hesabu yako inasema milioni tatu na laki sita. Ndani yake sioni chakula cha jike anayenyonyesha, dawa za minyoo, chanjo za watoto sita, wala upasuaji jike akishindwa kuzaa usiku. Simwoni pia mnunuzi wa Mang'ola, kwenye joto la mashamba ya vitunguu, aliyeuziwa mbwa mwenye makoti mawili ya manyoya yaliyotengenezwa na baridi ya Siberia. Oldeani pana ubaridi, mbwa wako amebahatika. Watoto wake hutawachagulia pa kuishi. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na nakuomba uisome kama mzazi, usiisome kama mfanyabiashara.

Basi fanya hivi. Yule dada usimchukue, hata akipunguzwa bei hadi bure. Mpigie muuzaji umwombe akuonyeshe mama na baba wa mbwa wako, na majina ya babu zake. Akisita, jua hata yeye hajui anachouza. Dume wako kaa naye, mpende, mfundishe kutembea na kamba, maana haski akipata mwanya hukimbia maili nyingi na msituni hatarudi. Asipandishwe kabla ya kutimiza miaka miwili, na kabla ya nyonga zake kupigwa eksirei. Najua hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine iko Morogoro na nauli ni kubwa. Ukiona nauli hiyo inakushinda, basi na kuzalisha mbwa wa aina hii kumekushinda kwa sasa. Muombe daktari wa mifugo amhasi, na hutakuwa umepoteza mbwa wala picha zake.

Ukitaka kuingia kwenye mbwa wa ulinzi kweli, mtazame tena jike wa baba yako. Umri wake, uzao wake, watoto wake wangapi wamepona, nani kati yao anabweka tembo na nani anajificha. Mtafutie dume wa ukoo mwingine, kutoka Rhotia au Mbulu, kama baba zetu walivyokwenda mbali kutafuta fahali. Watoto hao hawatauzwa laki sita. Lakini shamba la kahawa lililochoka kuibiwa litanunua, na litarudi kununua tena.

Na siku ya chanjo ikitangazwa kijijini, walete wote wawili, wa kijivu na wa kienyeji, kila mmoja na kamba yake. Baba yako mwambie namsalimu.