Mpira wa Mkojo na Kovu: Mambo ya Kujua Baada ya Upasuaji

Mgonjwa aliyerekebishwa njia ya mkojo kwa upasuaji huwekewa mpira wa mkojo, yaani katheta, hadi kidonda kipone. Mpira huo ukisumbua ngozi laini ya ndani, uvimbe hutokea, kisha kovu. Kovu likibana njia, mkojo hutoka kwa shida na mgonjwa huenda akahitaji upasuaji mwingine.

Katheta nyingi ni za lateksi au silikoni. Lateksi hutokana na utomvu wa mti wa mpira. Bei yake ni nafuu, lakini husumbua ngozi zaidi, na baadhi ya watu wana aleji nayo. Silikoni husumbua kidogo, hivyo hupendelewa katheta inapokaa kwa wiki kadhaa.

Mkazi wa Garsen anayeruhusiwa kwenda nyumbani na katheta aulize ni ya aina gani na itatolewa lini na wapi. Mto Tana ukifurika, barabara ya Hola huweza kukatika, basi apange safari mapema. Asiivute wala kuitoa mwenyewe, kwani puto lake la ndani laweza kuchana mshono.

Homa, damu nyingi au mkojo kukoma ni sababu ya kufika hospitalini mara moja.