Kampuni na Majirani Zake: Wajibu wa Biashara kwa Jamii Unavyotekelezwa

Wajibu wa kampuni kwa jamii ni yale yote ambayo kampuni inapaswa kuyafanya, au kujiepusha nayo, kwa sababu shughuli zake zinagusa maisha ya watu wasio na hisa ndani yake. Watu hao ni wafanyakazi na familia zao, wateja, wanaoiuzia malighafi, wanakijiji wanaopakana na kiwanda, na hata watoto watakaokuta shimo baada ya mgodi kufungwa. Nchini Tanzania wajibu huu umezoeleka kwa kifupi cha CSR, na neno hilo linatajwa katika mikutano ya vijiji kama linavyotajwa katika ofisi za mabenki.

Wananchi wengi wanaufahamu wajibu huu kupitia hafla za makabidhiano. Turubai limefungwa uwanjani, mkuu wa wilaya ameketi meza kuu, meneja ameshika hundi ya mfano yenye urefu wa mlango, na nyuma yao madawati yamepangwa yakiwa na nembo ya kampuni mgongoni. Hafla hizo zina faida yake, lakini ni sehemu ndogo ya jambo lenyewe, na si sehemu ya kwanza.

Kabla ya msaada

Kampuni inatimiza wajibu wake kwanza katika namna inavyopata faida, kisha katika namna inavyoigawa. Mwajiri anayekata makato ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, kwenye mshahara wa mfanyakazi na asiyapeleke kwenye mfuko huo hawezi kufuta deni hilo kwa kuchangia mbio za hisani. Ndivyo ilivyo kwa kiwanda kinachomwaga majitaka mtoni na kisha kuchimba kisima kwenye kijiji kilicho mkondo wa chini: kisima hicho ni fidia ndogo ya madhara ambayo kiwanda chenyewe kimeyasababisha.

Mambo haya ya msingi yana sheria zake. Usalama mahali pa kazi unasimamiwa na wakala wa serikali, OSHA, na mazingira yanalindwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Mei 2019, baraza la serikali la mazingira, NEMC, liliutoza mgodi wa dhahabu wa North Mara, wilayani Tarime, faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi uliotokana na kuvuja kwa bwawa la topesumu. Mgodi huo tayari ulikuwa na miradi ya kijamii katika vijiji vinavyouzunguka. Miradi hiyo haikuondoa kosa, na haikupaswa kuliondoa.

Misaada ya hiari

Sheria ikishatimizwa, kampuni inaweza kuongeza hiari yake. Baadhi ya kampuni hutenga kiwango maalumu kila mwaka. Benki za NMB na CRDB, kwa mfano, zimekuwa zikitangaza kutenga asilimia 1 ya faida baada ya kodi kwa ajili ya madawati, mabati, vitanda vya hospitali na mahitaji mengine ya aina hiyo. Kampuni nyingine huanzisha taasisi inayojitegemea, kama Safaricom ya Kenya ilivyofanya mwaka 2003, ili fedha za jamii zisichanganyike na bajeti ya matangazo. Nyingine hujiunga na taasisi za serikali katika jambo moja kwa miaka mingi. Mgodi wa Geita na Tume ya Kudhibiti UKIMWI, TACAIDS, wamekuwa wakiendesha tangu mwaka 2002 zoezi la kupanda Mlima Kilimanjaro ili kuchangisha fedha za mapambano dhidi ya UKIMWI.

Serikali nayo huutambua mchango wa hiari kwa njia ya kodi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaruhusu michango kwa taasisi za hisani na miradi ya maendeleo ya jamii kuondolewa kwenye mapato kabla ya kukokotoa kodi, ili mradi isizidi asilimia 2 ya mapato ya biashara.

Udhaifu wa misaada ya hiari ni kwamba anayetoa ndiye anayechagua. Darasa lenye rangi mpya hutoka vizuri kwenye picha. Mshahara wa mlinzi wa pampu ya maji hautoki. Ndiyo maana kuna shule zilizopokea madawati kutoka kampuni tatu tofauti huku matundu ya vyoo yakiwa hayatoshi, na zahanati zilizoletewa kifaa kisicho na mtaalamu wa kukitumia.

Pale sheria inapoingia

Katika sekta ya madini Tanzania imeacha kutegemea hiari peke yake. Mabadiliko ya Sheria ya Madini yaliyofanywa mwaka 2017 yaliingiza kifungu cha 105, kinachomtaka mwenye leseni ya madini kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii. Mpango huo lazima ukubaliwe kwa pamoja na halmashauri ya eneo husika, kwa kushauriana na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa na waziri wa fedha. Uzingatie mazingira, uchumi, huduma za jamii na utamaduni, na ufuate vipaumbele vya halmashauri kuhusu jamii inayouzunguka mgodi. Halmashauri ndiyo inayouidhinisha, kusimamia utekelezaji wake, kutunga mwongozo na kuwaelimisha wananchi kuhusu miradi iliyomo. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 ilikwisha kuweka sharti la namna hiyo kwa kampuni za mafuta na gesi.

Mabadiliko haya yaligusa mamlaka ya kuchagua zaidi ya kiasi cha fedha. Zamani mgodi ungeweza kuamua wenyewe kujenga bweni, ukalijenga na kulikabidhi, na ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri ikapata habari siku ya kukata utepe. Sasa bweni hilo linapaswa kuwa kwenye orodha ya halmashauri kwanza.

Geita ni mahali pazuri pa kuona utaratibu huu ukifanya kazi. Mwaka 2018 mgodi wa Geita ulikubaliana na Halmashauri ya Wilaya na Halmashauri ya Mji wa Geita, kama zilivyokuwa wakati huo, juu ya mpango wa takriban shilingi bilioni 9.2 kwa mwaka mmoja. Sehemu kubwa ya fedha za namna hiyo huenda kwenye maboma, yaani majengo ya madarasa na zahanati ambayo wananchi wameyainua kwa nguvu zao mpaka usawa wa renta, kisha yakakwama kwa kukosa bati, saruji na nondo. Kwa kijiji, kumalizia boma lililokwama kuna thamani zaidi kuliko jengo jipya ambalo hakuna aliyeliomba.

Utaratibu huu hauna kinga dhidi ya matatizo. Mazungumzo kati ya mgodi na halmashauri yanaweza kuvuka nusu ya mwaka wa fedha. Bei za vifaa zinaweza kuzozaniwa, hasa mgodi unaponunua wenyewe badala ya kutoa fedha. Madiwani wa kata za mbali hudai mgawo, nao wanaoishi kwenye vumbi na mtikisiko wa baruti huuliza kwa nini mradi umepelekwa upande wa pili wa wilaya. Swali hilo ni la haki, na jibu lake linapaswa kuwemo katika mpango wenyewe.

Fedha zisizopaswa kuchanganywa

Malalamiko mengi kuhusu CSR yanatokana na kuichanganya na malipo mengine. Mrabaha, ambao kwa dhahabu kwa kawaida ni asilimia 6 ya thamani ghafi ya madini, huenda Serikali Kuu. Ushuru wa huduma, unaotozwa kama asilimia ndogo ya mauzo, huenda halmashauri, na hutumika kama mapato yake mengine ya ndani. Fidia ya ardhi na mazao ni haki ya mtu aliyehamishwa. Haitolewi kwa hisani, na haiwezi kulipwa kwa kumjengea darasa. Fedha za CSR ni fungu la nne, na kampuni haipaswi kuhesabu lolote kati ya hayo matatu ya mwanzo kama mchango wake kwa jamii.

Nafasi ya wanakijiji

Mradi usiotajwa kijijini ni vigumu kufika kwenye mpango wa halmashauri. Mahali pa kuutaja ni mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Kutoka hapo vipaumbele hupelekwa kwenye kamati ya maendeleo ya kata, kisha kwenye baraza la madiwani. Mkutano ambao akidi haikutimia hauna cha kupeleka, hata kama malalamiko ya wanakijiji ni ya kweli.

Baada ya mpango kuidhinishwa, mwananchi anaweza kuomba kuuona. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma kujibu maombi ndani ya siku 30. Yafaa kutazama mambo machache: jina la kijiji na mradi, gharama iliyokadiriwa, nani ananunua vifaa, na tarehe ya kukamilika. Kampuni za madini, mafuta na gesi zinapaswa pia kuwasilisha taarifa za kila mwaka za CSR kwa kamati ya TEITI, chini ya Sheria ya mwaka 2015 ya uwazi na uwajibikaji katika rasilimali hizo.

Katika kuipa jamii sehemu yake, Kenya imefuata njia nyingine. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inagawa mrabaha wenyewe: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali madini yanapochimbwa. Juu ya hapo, kanuni za mwaka 2017 zinamtaka mwenye leseni kubwa kuingia makubaliano ya maendeleo na jamii na kutenga angalau asilimia 1 ya mapato ghafi ya mauzo.

Mgodi unapofungwa

Madini huisha. Mgodi wa Buzwagi, wilayani Kahama, ulifikia mwisho wa uzalishaji mwaka 2021, na uchimbaji wa titani wa kampuni ya Base huko Kwale, Kenya, ulikoma Desemba 2024. Siku hiyo ikifika, zahanati iliyopata dawa na mafuta ya jenereta kutoka mgodini hubaki na jengo tu, na mradi wa maji uliotegemea umeme wa mgodi hukauka. Kwa hiyo mpango mzuri huonyesha mapema ni nani atalipa watumishi na matengenezo, na huhakikisha kwamba kituo kimesajiliwa na kuingizwa kwenye bajeti ya halmashauri mgodi ukiwa bado unazalisha. Mpango wa kufunga mgodi, pamoja na dhamana ya fedha ya kurekebisha mazingira, huandaliwa kwa mujibu wa sheria mgodi ungali unachimba, na wananchi wana haki ya kuuliza unasema nini kuhusu mashimo, mabwawa ya topesumu na majengo yatakayoachwa.