Leseni Unayo, Kazi Bado: Kijitabu kwa Dereva Anayetafuta Lori Lake la Kwanza

Kijitabu hiki ni kwa mtu mwenye leseni daraja E, aliyekwishapita VETA au NIT, ambaye kila akifika kwenye yadi ya malori anaulizwa swali lilelile: "Umefanya kazi wapi, na hii miaka ya katikati ulikuwa wapi?" Ni kwa yule aliyepiga deiwaka ya Fuso miezi kadhaa, akahamia bodaboda, akarudi kijijini kumuuguza mzazi, akaja tena mjini akapata tipa ya mchanga, nayo ikauzwa. Maisha ya namna hiyo ni ya kawaida nchini kwetu. Taabu inaanza pale yanapotakiwa kukaa kwenye karatasi moja na kueleweka na mtu asiyekujua.

Mwenye lori anaogopa nini

Jiweke kwenye nafasi yake. Kichwa na trela ni mali ya mamilioni mengi, mara nyingi bado ina deni la benki. Mzigo ulio juu yake unaweza kuwa na thamani kuliko gari lenyewe, hasa ukiwa mafuta ya kwenda Zambia au shaba inayoshuka kutoka Kongo. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni kama kilomita 930, na hapo safari ya Lubumbashi haijafika hata nusu. Tajiri anakukabidhi vyote hivyo, kisha hakuoni kwa wiki kadhaa.

Anaogopa mafuta kunyonywa njiani, mzigo kupungua, na dereva kutelekeza gari porini kwa sababu ya ugomvi wa posho. Ajali anaiogopa pia, lakini ajali ina bima. Wizi wa lita hamsini hamsini hauna. Kwa hiyo akiona pengo la mwaka mzima kwenye maelezo yako, hawazi kwamba ulikuwa mvivu. Anawaza kwamba ulifukuzwa mahali na hutaki kupataja.

Ndiyo maana tunasema hivi: usihangaike kuficha pengo, hangaika kulipatia shahidi. Mwaka uliolima Kilosa, ukiwa na jina na namba ya simu ya mwenyekiti wa kitongoji atakayesema "ndiyo, alikuwa hapa, shamba lake ni lile," unakusaidia kuliko miaka miwili ya udereva ambayo hakuna wa kuithibitisha. Kampuni nyingi hapa nchini hazina mfumo wowote wa kuchunguza historia ya dereva. Zinapiga simu. Simu isipopokelewa, faili lako linarudi chini ya meza.

Kuiandika historia yako

Tumeona maombi mengi yaliyoandikwa hivi: "2018 hadi 2023: dereva, sehemu mbalimbali." Mstari huo unaua maombi. Ulinganishe na huu, wa mtu yuleyule:

"Machi hadi Agosti 2018: dereva wa deiwaka, Mitsubishi Fuso ya tani saba, mizigo ya soko, Mbagala hadi Kibiti. Tajiri: jina, simu. Sababu ya kuondoka: gari liliuzwa.
Septemba 2018 hadi mwisho wa 2019: bodaboda, kijiwe cha Rangi Tatu. Mwenyekiti wa kijiwe: jina, simu.
2020: Kilosa, nikimuuguza mama, na kilimo. Mwenyekiti wa kitongoji: jina, simu.
Januari 2021 hadi Juni 2022: utingo, baadaye dereva wa tipa, mchanga na kokoto. Msimamizi wa machimbo: jina, simu.
Julai 2022 hadi mwisho wa 2023: deiwaka ya Canter, bidhaa za dukani, Temeke na Ilala. Mwenye duka: jina, simu."

Hakuna hata kimoja kilichopambwa hapo. Aina ya gari imetajwa, tani zimetajwa, njia imetajwa, na kila kipindi kina mtu wa kuulizwa. Kabla ya kupeleka karatasi hiyo mpigie kila uliyemtaja umweleze kwamba atatafutwa. Watu wanabadilisha laini, na wengine hawapokei namba wasiyoijua. Ukigundua namba imekufa, tafuta mtu mwingine wa kipindi hicho: fundi mliyekuwa mnapeleka gari kwake, muuza mafuta, hata utingo mwenzako aliyebaki pale.

Kishawishi cha kuongeza chumvi ni kikubwa. Kuna vibanda vya steshenari vitakavyokutengenezea barua ya kampuni yenye muhuri wa kuvutia. Achana navyo. Wamiliki wa malori wana vyama vyao, TATOA na TAMSTOA, na wanazungumza. Madereva nao wanafahamiana kuanzia Kurasini hadi Kasumbalesa. Barua ya kughushi ni jinai, halafu inakutoa kwenye kundi la wasiojulikana na kukuweka kwenye kundi la waongo.

Karatasi ambazo huenda tayari unazo

Wengi wanasahau NSSF. Kama uliwahi kuajiriwa rasmi hata kwa muda mfupi, na mwajiri akakukata na kupeleka michango, taarifa yako ya michango inaonyesha jina la mwajiri na miezi uliyochangiwa. Ni ushahidi ambao hakuna ofisa ajira atakayeubishia. Iombe.

Ya pili ni hati ya utumishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi hati hiyo ajira inapokoma, iwe umeacha mwenyewe au umeachishwa. Kama hukupewa, rudi ukaiombe kwa maandishi na kwa adabu. Wengine wanaitoa siku hiyohiyo kwa sababu ni karatasi moja tu. Ukizungushwa, nenda ofisi ya kazi ya eneo lako umwone ofisa kazi. Kwa tajiri mwenye gari moja, ambaye hata neno "hati" litamshtua, omba barua fupi: jina lako, gari, kipindi, sahihi, simu.

Ya tatu ni pasi ya kusafiria. Mihuri ya Tunduma, Rusumo au Namanga ina tarehe. Dereva mmoja aliyekosa barua zote alifungua pasi yake mbele ya msimamizi wa yadi, akamwonyesha mihuri ya kutoka na kuingia, safari baada ya safari, na maongezi yakabadilika palepale.

Zaidi ya hizo utadaiwa kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa, na wadhamini, kwa kawaida wawili. Kwa njia ya nje ya nchi ongeza kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Wadhamini wachague kwa makini. Shemeji mwenye cheo ambaye hajui unaishi wapi hakufai kama mwalimu wa shule ya jirani anayekuona kila jioni, kwa kuwa mdhamini ataulizwa maswali, na akijikanyaga anakuangusha wewe.

Kama kuna jambo zito

Ulifukuzwa? Umepata ajali yenye kifo? Umewahi kufungwa? Sema mwenyewe, kabla hujaulizwa, kwa sentensi tatu au nne: kilichotokea, kilivyokwisha, na ulichofanya tangu hapo. Kama kulikuwa na ajali, tafuta nakala ya ripoti ya polisi. Kama kesi ilikwisha mahakamani, tafuta nakala ya hukumu, hata kama ulipigwa faini. Usimtukane mwajiri wa zamani. Anayekusikiliza naye ni mwajiri, na anajisikia yeye ndani ya kila tusi.

Wizi wa mafuta ni jambo gumu kuliko yote, na hatutakudanganya. Kama ulikiri au ilithibitishwa, kampuni kubwa zitakukataa kwa miaka. Anzia kwa tajiri mdogo anayekaa karibu nawe, kwenye gari linalolala mjini.

Milango ya kuingilia

Kampuni inayotangaza "uzoefu miaka mitatu" haina maana kwamba haimchukui asiye nayo. Ina maana haimchukui mgeni kutoka barabarani. Kwa hiyo acha kuwa mgeni.

Utingo ni mlango wa zamani na bado unafanya kazi. Kijana mwenye leseni daraja E anayekubali kufunga turubai, kukaza minyororo na kulala chini ya trela anasafiri njia nzima bila kubeba lawama ya gari. Anajua mizani ilipo, anajua mawakala wa mpakani kwa majina. Siku dereva anapougua Mbeya, simu ya bosi inamwuliza utingo: "Wewe leseni si unayo?"

Tipa na Fuso za mjini hazina heshima kwenye vijiwe vya madereva wa safari ndefu, lakini zinakupa kitu ambacho barabara kuu haikupi: kurudi nyuma mara ishirini kwa siku kwenye vichochoro.

Halafu kuna IT, yale magari yanayotoka bandarini Dar es Salaam kwenda nchi za jirani, ambayo dereva huyapeleka na kurudi kwa basi. Yanakupa mihuri kwenye pasi na karatasi za forodha zenye jina lako, na kwa mtu asiye na historia hiyo ni hazina. Ila ni gari dogo, hivyo usiliuze kama uzoefu wa lori. Na usishindane mwendo wala kuokota abiria usiku. Rekodi unayoijenga huko inaweza kubomoka Mikumi kwa dakika moja.

Siku ya kupimwa

Msimamizi atakupa ufunguo na kunyamaza. Wengi wanapanda moja kwa moja na kuwasha. Wameshaanguka, na hawajui.

Zunguka gari kwanza. Piga tairi, zile za ndani pia. Inama uangalie kama kuna oili inayodondoka. Toa maji yaliyomo kwenye matangi ya upepo. Angalia mipira ya upepo na waya wa umeme kati ya kichwa na trela, kisha hakikisha kwa macho yako kwamba kufuli la pini limefunga. Ukishawasha, subiri upepo ujae ndipo uachie breki. Dakika kumi za kimya hizo zinaongea kuliko barua.

Kurudisha trela ndiko kunakotisha. Likianza kujikunja, simama, vuta mbele, lianze upya. Shuka uangalie nyuma hata mara mbili. Hakuna msimamizi mwenye akili anayekukata alama kwa kushuka. Anakukata kwa kugonga ukuta.

Maswali ya mdomo hayabadiliki sana. Ukishuka Kitonga unafanyaje? Jibu: gia nzito inaingizwa juu kabla mteremko haujaanza, breki ya injini inashika kazi, mguu unagusa breki kidogo na kuachia, maana breki zikishachemka hazishiki tena. Mwendo? Lori la zaidi ya tani tatu na nusu halizidi kilomita 80 kwa saa, na 50 kwenye makazi. Uzito? Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, inayotumika Tanzania tangu Machi 2019, inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, na kila ekseli ina kikomo chake. Gari linaweza kuwa ndani ya tani 56 na bado likakamatwa kwa sababu mzigo umeegemea upande mmoja.

Kabla hujaweka sahihi

Usitoe pesa ya fomu wala "ya bosi". Anayetaka dereva analipa, halipwi.

Dai mkataba wa maandishi na ubaki na nakala. Uliza posho ya safari inalipwa lini, na kama ni tofauti na mshahara. Uliza lita ngapi zinatolewa kwa kila njia na nani aliyezipima, kwa sababu hapo ndipo madereva wapya wanapoanza kudaiwa mafuta ambayo hawakuyauza. Uliza faini ya mizani ni ya nani pale mzigo ulipopakiwa ukiwa haupo. Kwa hasara iliyotokana na kosa lako, sheria inamtaka mwajiri akueleze kwa maandishi, akupe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara.

Miezi miwili au mitatu baada ya kuanza, angalia taarifa yako ya NSSF. Ukikuta michango haijaingia, mwulize mhasibu mapema ukiwa bado kazini na gari bado linakuhitaji. Ukishaondoka, miezi hiyo utaitafuta kwenye foleni ya kaunta, na mhasibu atakuwa amebadilika.