Kilo mbili za mwisho: chakula cha mama mwenye mimba na kukua kwa mtoto tumboni



Katika somo lililopita tuliongea juu ya kuchagua mbegu ya maharagi na kuitunza mpaka siku ya kupanda. Leo tunabaki kwenye maharagi, lakini tunayafuata mpaka kwenye sahani. Wengine watasema: mambo ya mimba ni ya kituo cha afya, koperative inaingia wapi? Tunawaomba wasome mpaka kwenye hesabu ya gunia. Pale ndipo tunaingia.

Tuanze na mizani. Mtoto tumboni hakui kwa mwendo mmoja. Mwezi wa tatu ukiisha, viungo vyake vyote vimekwisha kuanza, lakini uzito wake wote ni kama karanga chache kiganjani. Katikati ya mimba anafika gramu 300 hivi. Kwenye wiki ya 28 anakaribia kilo 1. Na akizaliwa kwa wakati wake, akiwa amekua vizuri, anapima kilo 3 au zaidi kidogo. Hesabuni wenyewe: kilo mbili kati ya hizo tatu anazipata katika miezi mitatu ya mwisho tu. Mkulima wa mahindi anaelewa jambo hili bila kufundishwa. Mvua ikikatika wakati punje zinajaa, shina linabaki limesimama vizuri, lakini ukimenya gunzi unakuta mapengo.

Mtoto anayezaliwa chini ya kilo 2 na nusu anahesabiwa kuwa na uzito mdogo. Huyo anapata baridi haraka, ananyonya kwa shida, na magonjwa yanamkuta hana akiba. Wengine wanazaliwa wadogo kwa sababu walitoka kabla ya wakati. Lakini wengine walimaliza miezi yote tisa, na ni chakula ndicho kilikosa kuwafikia.

Hii haisemi kwamba miezi ya kwanza ni ya kudharau. Uti wa mgongo wa mtoto unafunga mapema sana, mara nyingi mama hajajua bado kama iko na mimba, na kazi hiyo inataka foliki, ambayo iko katika maharagi na majani mabichi kama lengalenga. Ubongo nao unataka iyodi. Juu ya iyodi tuko na historia ya hapa kwetu. Katika miaka ya 1960 watafiti walipima watu wa kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu. Iyodi ilikuwa kidogo kisiwani kote, lakini rovu, ule uvimbe wa shingo, lilijaa upande wa kaskazini kuliko upande wa kusini-magharibi. Tofauti waliikuta katika muhogo. Sumu ya muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri, mwili ukiivunja, inaacha kitu kinachozuia iyodi kufanya kazi yake, na kitu hicho kinapita mpaka kwa mtoto tumboni. Kwa hiyo muhogo mchungu uloweshwe siku tatu au nne kabla ya kuanikwa, bila kukata kona juu ya haraka ya soko, na chumvi ya nyumbani iwe ile yenye iyodi, ikae kwenye kopo lenye kifuniko.

Sasa turudi kwenye kilo mbili. Sisi wa Kivu tunalima misimu miwili: tunapanda Septemba na kuvuna karibu na Januari, kisha tunapanda Februari au Machi na kuvuna Juni. Kila mtu anajua ghala linakuwa namna gani mnamo Oktoba na Novemba, na tena Aprili na Mei. Mavuno ya mwisho yameuzwa, mengine yamerudi udongoni kama mbegu, na nyumbani imebaki fufu na sombe. Na ni miezi ileile ya kupalilia, ambapo mama anashinda ameinama na jembe, kisha jioni anarudi na kuni mgongoni. Mimba haingojei mavuno. Mama ambaye miezi yake mitatu ya mwisho imeangukia Septemba mpaka Novemba, mtoto wake anajaza punje wakati mvua imekatika.

Je, chakula cha ziada kinabadilisha kitu kweli? Jibu zuri tunalo kutoka Gambia, nchi ndogo ya Afrika ya Magharibi, kwa wakulima wa karanga kama sisi. Kule wako na msimu wa njaa, Juni mpaka Oktoba. Kwa miaka 5, katika vijiji 28, wamama wenye mimba walipewa kila siku biskuti zilizotengenezwa palepale kwa karanga za kukaanga, unga wa mchele, sukari na mafuta ya karanga. Walianza karibu na nusu ya mimba. Matokeo yalitangazwa mwaka 1997: watoto waliozaliwa msimu wa njaa waliongezeka gramu 201 kwa wastani, na wale wa msimu wa mavuno gramu 94. Waliozaliwa wafu na waliokufa katika juma la kwanza walipungua karibu nusu. Angalieni vizuri: faida kubwa zaidi ilitokea wakati ghala liko tupu. Na dawa yenyewe ilikuwa karanga!

Kuna neno tunalosikia mara nyingi tukikaa na wamama: «Nikikula sana, mutoto atakuwa mukubwa, nitamuzala namna gani?» Hatuwachekei. Pale ambapo kituo kiko mbali, barabara imeharibika na operesheni inauzwa bei ya mbuzi kadhaa, hofu hiyo iko na sababu. Lakini kula kidogo hakupanui njia ya kuzalia. Nyonga ya mama ilijengwa zamani, wakati alipokuwa msichana anayekua, na ndiyo maana msichana anayebeba mimba mapema sana anapata shida. Kule Gambia, pamoja na uzito ule wote kuongezeka, kichwa cha mtoto kiliongezeka milimita 3 tu. Mama aliyejinyima anafika kwenye uchungu bila nguvu, na mikononi anapewa mtoto dhaifu. Huo ndio uchaguzi wenyewe.

Juu ya mayai hatutasema mengi. Bado kuna nyumba ambapo mama mwenye mimba anakatazwa yai au nyama ya kuku, na yai lile lile linakwenda sokoni au kwa mgeni. Hakuna ubaya wowote mtoto anaoupata kwa yai lililopikwa vizuri. Wababa, hapa neno lenu ndilo linalosikilizwa.

Tufike kwenye gunia. Mama anahitaji mlo mmoja wa ziada kila siku, juu ya ile anayokula. Tuchukue gramu 100 za maharagi makavu na gramu 50 za karanga kwa siku. Kwa siku 90 za mwisho inakuwa kilo 9 za maharagi na kilo 4 na nusu za karanga. Koperative yenye wamama 6 watakaojifungua kati ya Oktoba na Desemba inahitaji kilo 54 za maharagi na kilo 27 za karanga. Yaani nusu ya gunia la kilo 100 na kidogo juu, pamoja na kapu moja la karanga. Mnapokaa Juni kupanga mauzo, hicho ni kiasi kinachoweza kutengwa kabla mnunuzi hajafika na lori. Tukingoja Oktoba tutayanunua tena maharagi yaleyale kwa bei ya juu, kama yako. Tunajua kuna madeni ya mbegu, na minerval ya watoto inangoja Septemba. Lakini mara nyingi tumeona mauzo yanahesabiwa mpaka kilo ya mwisho, na hakuna aliyeuliza nani yuko na mimba.

Kwenye chungu, maneno machache. Maharagi na lengalenga viko na madini ya chuma, yanayotengeneza damu ya mama na akiba ya mtoto, lakini mwili unayachukua kwa shida. Limau, chungwa au pera wakati wa kula vinasaidia. Chai na kahawa pamoja na chakula vinazuia, kwa hiyo zinywewe mbali na mlo. Kula udongo kunazuia pia, tena kunaleta minyoo. Sombe iwekwe mafuta ya mawese na karanga za kutwanga, na mkipata sambaza, hata mkono mmoja wa zile kavu, zitwangeni na mifupa yake. Vidonge vya chuma na foliki vinavyotolewa kwenye CPN vimezwe kila siku hata kama choo kinakuwa cheusi. Hilo si ugonjwa.

Chakula peke yake hakitoshi kama malaria iko ndani ya mama. Vijidudu vyake vinajificha kwenye kondo la nyuma, mlango uleule ambao chakula cha mtoto kinapitia. Chandarua na dawa ya kuzuia malaria inayotolewa kwenye CPN ni sehemu ya mlo. Kule kituoni pia wanapima mkono wa mama kwa utepe. Ukiwa chini ya sentimita 23, mama huyo awe wa kwanza kwenye mgawo wa koperative, hata kama mimba yake ni changa. Na katika miezi mitatu ile, mizigo mizito ibebwe na wengine, maana nguvu inayoliwa na mzigo hairudi kwa mtoto.

Kwa mkutano wa Juni tunapendekeza hivi. Wamama wachague wawili kati yao wenye kutunza siri, waandike miezi ya kujifungua bila kutangaza majina mbele ya watu wote. Wao ndio wawe na ufunguo wa mgawo, na wautoe kila juma. Mgawo wa mwezi mzima ukifika nyumbani siku moja unaliwa na familia yote katika siku tano, na hatuwezi kulaumu mtu yeyote kwa hilo. Mama akijifungua kabla siku 90 hazijaisha, asikatwe. Aendelee kupokea, kwa kuwa mama anayenyonyesha anahitaji chakula kingi kuliko hata yule mwenye mimba.