Somo la 9: Jodari Mwenye Alama

Wafugaji wa Handeni na Korogwe hutia ng'ombe alama sikioni. Ng'ombe akipotea, hutambulikana kwa alama yake. Je, samaki wa baharini anaweza kutiwa alama? Ndiyo.

Mwaka 2005 hadi 2007 wataalamu walitia alama jodari zaidi ya 168,000 katika Bahari ya Hindi. Wengi walitiwa alama karibu na pwani ya Tanzania. Kila jodari alivuliwa, akapimwa urefu, akachomwa mgongoni alama ya plastiki yenye namba. Kisha alirudishwa majini upesi, angali hai.

Baadaye wengine walivuliwa tena, hata karibu na Shelisheli. Mvuvi aliyerudisha alama alipewa zawadi. Alieleza siku na mahali alipomvua samaki. Hivyo wataalamu walijua jodari alisafiri wapi na alikua kiasi gani. Habari hizo husaidia kujua kama samaki wanavuliwa kupita kiasi.

Lakini alama ikitupwa, habari za samaki huyo hupotea. Kazi ya wataalamu hukamilishwa na mvuvi.

Maswali
1. Jodari alipimwa nini kabla ya kurudishwa majini?
2. Kwa nini mvuvi asitupe alama?